Mwongozo Kamili wa Kupata Mkutano wa Waraibu Wanaopona: Kutoka Kwenye Orodha Hadi Kwenye Kiti

Watu wengi wanaokusudia kuhudhuria mkutano wa waraibu wanaopona hawashindwi ndani ya chumba cha mkutano, bali hushindwa njiani. Huchukua anwani kwenye orodha, hujipa moyo mchana kutwa, hufika na kukuta mlango una kufuli au chumba kina watu wa shughuli nyingine kabisa, kisha hurudi nyumbani wakiwa wamepata sababu ya kutojaribu tena.

Mwongozo huu unahusu safari hiyo fupi iliyo kati ya orodha na kiti. Unamfaa mraibu mwenyewe, na unamfaa pia ndugu au rafiki anayemtafutia. Mkutano ninaouzungumzia ni kikao cha watu waliopitia uraibu wa dawa za kulevya, wanaokutana kwa siku na saa maalumu ili kusaidiana kubaki bila kutumia, pasipo ada na pasipo kuongozwa na daktari.

## Onyo kabla ya hatua yoyote

Mkutano hauchukui nafasi ya hospitali. Ikiwa umekuwa ukinywa pombe nyingi kila siku, au ukitumia dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini, kama vile diazepamu, usiziache ghafla kwa nia ya kufika mkutanoni ukiwa safi, yaani bila kutumia. Kuziacha ghafla kunaweza kusababisha degedege na hata kifo, ndiyo maana daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo. Muone kwanza, kisha nenda mkutanoni. Yote mawili yanaweza kufanyika katika wiki moja.

Kwa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni, hali ni tofauti kidogo. Arosto yake, yaani hali mbaya inayompata mraibu anapokosa dawa, ni ya mateso, na kutapika pamoja na kuharisha huweza kuukausha mwili, lakini hatari iliyo kubwa zaidi hujificha baadaye: mwili uliokaa siku kadhaa bila dawa hauhimili tena kipimo cha zamani, na anayerudia kipimo hicho anaweza kuacha kupumua. Anayeishi na mtu wa namna hii aulize kwenye kituo cha afya kuhusu naloksoni, dawa inayoweza kurudisha pumzi ya aliyezidisha, na namna ya kuitumia. Mtu asiyeamka anapoitwa, anayekoroma kwa namna isiyo ya kawaida au ambaye midomo yake imebadilika rangi, ni wa kupigiwa simu ya dharura wakati huohuo.

Kwa upande mwingine, usisubiri uache kwanza ndipo uende. Katika Narcotics Anonymous, umoja wa waraibu wanaopona ambao hujulikana zaidi kwa kifupi cha NA, sharti la pekee la uanachama ni nia ya kuacha kutumia. Unaweza kwenda hata kama ulitumia jana. Vikundi vingi humwomba aliyetumia siku hiyo asikilize tu bila kuzungumza, na karibu vyote huomba mtu asiingie na dawa wala vifaa vya kutumia dawa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu huisha chaji, hupotea na, tuseme ukweli, katika kipindi hiki huuzwa. Karatasi haina mnunuzi.
- Simu yenye salio la kupiga, pamoja na bando la kutosha mkutano wa saa moja na nusu ikiwa utahudhuria kwa intaneti.
- Anwani ya barua pepe isiyobeba jina lako kamili, kwa ajili ya mawasiliano haya tu.
- Vipokea sauti vya masikioni, ili unaokaa nao wasisikie siri za watu wengine.
- Nauli ya kwenda na kurudi. Ikiwa fedha mkononi ni jaribu kwako, mwachie mtu unayemwamini akupe siku yenyewe, au akusindikize.
- Mtu mmoja anayejua unakokwenda na saa unayotarajiwa kurudi.
- Jibu fupi kwa atakayekuuliza uko wapi. "Nina kikao jioni" ni kweli tupu na haihitaji maelezo.

## Hatua ya 1: Andika unachokitafuta katika sentensi moja

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, andika kwenye daftari sentensi itakayotaja siku unazoweza, lugha unayoielewa vizuri, umbali unaoweza kusafiri, na jambo moja usiloweza kulivumilia. Mfano: "Natafuta mkutano wa jioni siku za kazi, usiozidi nusu saa kutoka nyumbani, usio wa kidini, ninaoweza kuhudhuria huku nikitumia methadoni." (Methadoni ni dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inayotolewa kliniki.)

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba orodha za mikutano ni ndefu, na mtu aliyechoka akikutana na orodha ndefu huchagua cha kwanza au huacha vyote. Sentensi hiyo ndiyo chujio lako. Ikiwa imejaa masharti sita au saba, punguza. Mtu anayetafuta mkutano usio na kasoro hata moja mara nyingi anatafuta ruhusa ya kutokwenda.

## Hatua ya 2: Jua vikundi vinavyotofautiana

NA ndiyo iliyoenea zaidi duniani kwa upande wa dawa za kulevya, na hufuata Hatua Kumi na Mbili, yaani mpango wa kupona ambao mwanachama huupitia hatua moja baada ya nyingine. Haimuulizi mtu alitumia dawa gani, na inahesabu pombe kuwa dawa kama nyingine. Hatua hizo humtaja Mungu, kwa maelezo kwamba kila mtu humwelewa kwa namna yake. Wako wanachama wenye dini mbalimbali na wako wasio na dini. Vipo pia vikundi vya Hatua Kumi na Mbili vilivyojikita kwenye dawa moja, kama vile Cocaine Anonymous, Marijuana Anonymous na Crystal Meth Anonymous.

SMART Recovery haifuati hatua hizo. Mikutano yake huongozwa na mtu aliyepewa mafunzo, na kazi kubwa ni mazoezi ya kuzitambua fikra zinazomrudisha mtu kwenye dawa, kupima faida na hasara, na kukabiliana na hamu inapokuja. Hapo watu huruhusiwa kujibizana, jambo ambalo katika NA kwa kawaida halifanyiki. LifeRing ni ya wanaotaka mazungumzo yasiyo na dini kabisa. Recovery Dharma hutumia mafundisho ya Kibudha na tafakuri. Celebrate Recovery ni ya Kikristo waziwazi.

Ndugu wa mraibu wana vikundi vyao, na cha kutafuta ni Nar-Anon. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mama au mke huweza kumtafutia mtu mkutano kwa miezi mingi bila kutambua kwamba upo wa kwake, ambao anaweza kwenda kesho hata kama mgonjwa wake amekataa katakata.

Usitumie siku nzima kulinganisha. Chagua aina mbili zinazokubalika na sentensi yako, uendelee.

## Hatua ya 3: Kusanya anwani kutoka kwenye vyanzo visivyopungua viwili

Anza na tovuti rasmi ya kikundi chenyewe. NA, SMART Recovery na wengineo wana sehemu ya kutafutia mikutano kwa kuandika mji au kwa kuruhusu ramani ionyeshe iliyo karibu. Kwa NA, tafuta pia tovuti ya kanda au ya nchi, kwa kuwa orodha ya karibu hurekebishwa mapema kuliko ile ya dunia nzima.

Chanzo cha pili kiwe mtu. Muulize mhudumu wa kliniki ya methadoni, ofisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha au msimamizi wa nyumba ya waraibu wanaopona. Hawa huwaona watu wakienda na kurudi, hivyo hujua mkutano upi bado una uhai. Nyumba za ibada nazo zifaa kuulizwa, kwa sababu vikundi vingi hukodi vyumba humo hata kama havihusiani na dini hiyo.

Jihadhari na kitu kimoja. Ukiandika kwenye mtandao kwamba unatafuta msaada wa uraibu, baadhi ya namba zinazotokea juu ni za wauzaji wa nafasi katika vituo vya matibabu, zilizovikwa sura ya simu ya msaada. Dalili yake ni kwamba anayepokea hukuuliza bima yako au uwezo wako wa kulipa kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Mkutano wa kusaidiana hauuzwi. Anayekutajia ada ya kujiunga amekuelekeza kwingine, na una haki ya kukata simu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na mikutano 4 hadi 6 daftarini, kila mmoja na siku, saa, mahali na namba au barua pepe ya mawasiliano.

## Hatua ya 4: Soma orodha kwa makini

Orodha hutumia alama ambazo hakuna anayekueleza. Herufi O huashiria mkutano wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuhudhuria, akiwemo ndugu anayekusindikiza au mwanafunzi anayejifunza. Herufi C huashiria mkutano wa faragha, wa wenye tatizo la dawa peke yao. Ikiwa utaongozana na mtu asiye mraibu, tafuta wa wazi. Mkifika pamoja kwenye wa faragha, yeye ataombwa kwa upole asubiri nje, na wewe utakuwa na kisingizio cha kuondoka naye.

Ipo mikutano ya wanawake, ya vijana, ya wageni, ya kusoma kitabu, na ya msemaji mmoja anayesimulia maisha yake kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza napendekeza wa wageni au wa msemaji, kwa kuwa wote wawili hukuruhusu kukaa kimya bila kuonekana.

Kisha saa. Hapa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili hukosea zaidi kuliko mahali pengine popote. Orodha ikiandika 19:00, hiyo ni saa moja usiku, si saa saba. Ikiandika 12:30, ni saa sita na nusu mchana. Mikutano ya intaneti huandikwa mara nyingi kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa nayo, au kwa saa ya mji wa mwandaaji, na hapo inabidi kuongeza au kupunguza: kama eneo lako liko saa 3 mbele ya UTC, mkutano wa 18:00 UTC kwako utakuwa 21:00, yaani saa tatu usiku. Angalia pia kama siku imebadilika, maana mkutano wa Jumatatu usiku wa kwingine unaweza kuwa alfajiri ya Jumanne yako. Zipo nchi zinazosogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, na mkutano unaoandaliwa huko unaweza kuhama kwa saa nzima upande wako bila kutangazwa.

Andika saa kwenye daftari kwa namna mbili, ya tarakimu na ya maneno.

## Hatua ya 5: Thibitisha kwa mtu aliye hai

Ukikosa subira kwa hatua zote nyingine, usikose kwa hii. Orodha ni kumbukumbu ya mkutano uliokuwepo siku ilipoandikwa. Vikundi hivi huendeshwa na watu wa kujitolea. Aliyekuwa na ufunguo huhama mji, mwenye jengo hubadilisha ratiba, kikundi huungana na kingine, na ukurasa wa tovuti hubaki vilevile. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu hadi jengo ambalo mkutano wake ulikuwa umehama miezi mingi nyuma. Mlinzi alituangalia, akasema, "Wale? Walishaondoka zamani." Ndugu yangu alicheka njia nzima ya kurudi, kicheko cha mtu aliyefarijika, na ilichukua muda mrefu kumpata tena. Simu ya dakika mbili ingetosha.

Piga simu, au tuma ujumbe, siku moja au mbili kabla. Kwa wanaokwama wasijue waanzeje, haya ni maneno yanayotosha:

"Habari za saa hizi. Nimepata namba hii kwenye orodha ya mikutano. Naomba kujua kama mkutano wa Jumanne saa moja usiku bado upo, na kama mahali ni palepale. Nitakuwa mgeni."

Neno "mgeni" lisiachwe. Likisikika, mara nyingi anayepokea hujitolea kukusubiri mlangoni, au hukutumia mtu wa jinsia yako. Huhitaji kutaja jina lako kamili, kazi yako wala dawa uliyotumia.

Baada ya hapo uliza mambo matatu tu. La kwanza, mlango wa kuingilia ni upi, kwa sababu vyumba hivi mara nyingi viko nyuma ya jengo, chini ya ngazi au ghorofa ya juu isiyo na kibao. La pili, kama ni wa wazi au wa faragha. La tatu, kama una jambo maalumu: methadoni, mtoto utakayekuja naye, ulemavu, au karatasi ya mahakama inayohitaji saini ya mahudhurio. Si kila kikundi hutia saini karatasi hizo, na ni afadhali kujua mapema.

Wasipopokea, piga tena kwa saa tofauti, kisha tuma ujumbe. Wengi wanaoshika simu hizo wako kazini mchana. Ukikaa siku mbili bila jibu, uhesabu mkutano huo kuwa haupo na upige kwa unaofuata daftarini. Usiende "kubahatisha" katika mara yako ya kwanza.

Hatua hii imefaulu pale tu ambapo mtu mwenye sauti, au aliyekuandikia leo, amekuambia kwamba mkutano upo.

## Hatua ya 6: Weka akiba ya intaneti

Hata baada ya kuthibitisha, kuwa na mkutano wa pili wa intaneti unaoanza ndani ya saa mbili baada ya ule wa kwanza. Mvua, foleni au ufunguo uliosahaulika visikurudishe nyumbani mikono mitupu. Kwa aliye mbali na mji, au anayehofia kuonekana, mkutano wa intaneti unaweza kuwa wa kwanza na si wa akiba. NA ina mikutano ya simu na ya video karibu kila saa ya mchana na usiku, na SMART Recovery nayo ina ratiba yake.

Jaribu kiungo mapema, siku kabla, uone kama programu inafunguka na kama neno la siri linakubaliwa. Mingi hufanyika kwa Zoom, programu ya mikutano ya video, na Zoom hubeba jina uliloandikisha: libadilishe liwe jina la kwanza tu au herufi moja kabla ya kuingia, na uhakikishe picha ya wasifu wako haionekani. Ingia ukiwa umezima kamera na kipaza sauti. Baadhi ya vikundi huomba kila mtu aonyeshe uso kwa muda mfupi ili kuwazuia wavamizi. Ukiombwa, unaweza kumwandikia msimamizi kwa ujumbe wa faragha kwamba wewe ni mgeni.

Usirekodi, na usipige picha ya skrini hata kama ni kwa nia ya kumwonyesha mke wako kwamba ulihudhuria.

## Hatua ya 7: Siku ya mkutano

Fika dakika 15 kabla. Anayechelewa huingia watu wote wakiwa wameketi na vichwa vyote hugeuka, na hilo peke yake limewarudisha wengi kutoka kwenye kizingiti. Anayewahi hukuta watu wawili au watatu wakipanga viti, na kupewa kiti cha kubeba ni ukaribisho usiohitaji maneno.

Tutaingia pamoja, ili usishangazwe. Viti mara nyingi viko kwa duara au kwa safu chache. Kwenye meza ya pembeni kuna vijitabu, pengine na birika la chai. Msimamizi, ambaye naye ni mraibu anayepona, anafungua kwa kimya kifupi au kwa sala, kisha watu kadhaa wanasoma karatasi zilizowekewa plastiki ambazo zimeshikwa na mikono mingi hadi pembe zake zimekunjika. Anauliza kama yupo aliyekuja kwa mara ya kwanza. Unaweza kuinua mkono na kusema jina lako la kwanza, au unaweza kukaa kimya. Hakuna atakayekusonda kidole. Kisha watu wanazungumza kwa zamu, kila mmoja dakika chache. Anayeanza anasema, "Naitwa fulani, mimi ni mraibu," na chumba kizima kinamsalimu kwa jina.

Ikikufikia zamu, "Nitasikiliza tu leo, asanteni" ni jibu kamili. Ukizungumza, zungumza juu yako. Usimjibu aliyetangulia na usimshauri, kwa kuwa katika mikutano ya Hatua Kumi na Mbili utaratibu huo ndio unaomfanya mtu aseme la moyoni bila kuhofia mjadala.

Katikati au mwishoni, kapu hupitishwa. Vikundi vya NA hujitegemea kwa michango ya wanachama wake na hukataa ya watu wa nje. Mgeni haombwi kutoa, na kulipitisha kapu bila kuweka kitu si aibu. Katika vikundi vingi vya NA hutolewa pia vibanio vya funguo vya rangi kwa kuhesabu muda wa kuwa safi: cheupe ni cha anayeanza, cha machungwa ni cha siku 30, cha kijani siku 60, chekundu siku 90. Cheupe hakiulizi umeacha lini. Kichukue.

Mkutano huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Watu wanaweza kufunga kwa kusimama na kushikana mabega au mikono. Kama hutaki kuguswa, rudi nyuma hatua moja.

Onyo kuhusu siri. Wanachama huahidiana kutotoa nje yanayosemwa ndani, na kwa jumla huiheshimu ahadi hiyo, lakini haina nguvu ya kisheria kama siri ya daktari au ya wakili. Eleza uraibu wako, huzuni yako na hofu yako. Mambo ambayo yangekupeleka mahakamani mweleze wakili.

## Hatua ya 8: Dakika 10 baada ya mkutano

Usikimbie. Viti vinapokusanywa ndipo namba za simu hutolewa, na namba hizo zina thamani kuliko vijitabu vyote vilivyo mezani. Omba mbili au tatu za watu wa jinsia yako. Vipo vikundi vyenye karatasi ya namba iliyochapwa kwa ajili ya wageni, iulizie.

Usiku huohuo, au kesho asubuhi, mtumie mmoja wao ujumbe: "Mimi ni yule mgeni wa jana. Asante kwa namba." Sababu ni ya kivitendo kabisa. Ni vigumu mno kumpigia mtu kwa mara ya kwanza ukiwa umebanwa na hamu saa sita za usiku. Ni rahisi zaidi kumpigia uliyekwisha kumsalimu.

Utasikia habari za mlezi, ambaye wengi humwita sponsa: mwanachama mzoefu anayekuongoza katika hatua. Huna haja ya kumchagua siku ya kwanza. Sikiliza mikutano kadhaa, kisha mwombe yule ambaye maisha yake ya sasa, na si ufasaha wake, unayatamani.

## Hatua ya 9: Amua baada ya mikutano sita, si baada ya mmoja

Kila kikundi kina tabia yake. Wa Jumatatu unaweza kuwa wa wazee wachache wanaosema polepole, na wa Alhamisi, katika chumba kilekile, ukajaa vijana wenye vicheko. Ushauri wangu ni mikutano sita, katika vikundi visivyopungua vitatu, kabla ya kusema kwamba jambo hili halikufai. Katika NA utasikia wageni wakishauriwa kuhudhuria mikutano 90 kwa siku 90. Ni pendekezo la kukuweka karibu na watu katika kipindi kigumu, na ukiweza mitatu kwa wiki bado umefanya kazi.

Kuchosha si kosa la kikundi. Kasoro zifuatazo, kinyume chake, ni sababu ya kuondoka mara moja na kwenda kingine:

Mtu anakuambia uache methadoni, buprenofini (nayo ni dawa ya kutibu uraibu wa afyuni), dawa za akili au dawa yoyote uliyoandikiwa. NA yenyewe ni programu ya kujizuia kabisa, na baadhi ya vikundi vyake humwomba anayetumia methadoni asiongoze mkutano, jambo linaloumiza na unalopaswa kulijua mapema. Hata hivyo mlango hufunguliwa kwa yeyote mwenye nia ya kuacha, na hakuna mwanachama mwenye mamlaka ya kukubadilishia tiba. Ukikuta msimamo mkali, tafuta kikundi kingine cha NA au jaribu SMART Recovery, ambayo haina pingamizi na dawa zilizoandikwa na daktari.

Mtu anamtongoza mgeni, anakopa fedha, anauza bidhaa, au anamtaka mgeni akae kwake. Mtu anatangaza mitaani aliyoyasikia ndani. Dawa zinauzwa nje ya mlango na msimamizi anajua.

## Ikiwa daftari limebaki tupu

Yapo maeneo yasiyo na mkutano wowote wa ana kwa ana. Anza na wa intaneti kwa wiki kadhaa hadi uuzoee utaratibu, kisha uliza kliniki ya karibu kama yupo mwingine mwenye haja kama yako. Kwa desturi ya NA, waraibu wawili au zaidi wanaokutana ili kusaidiana kubaki safi wanaweza kuunda kikundi, mradi wafuate mapokeo yake, yaani kanuni za kuendesha vikundi. Tovuti ya NA ina vijitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili vinavyoweza kusomwa kwenye kikao cha kwanza.

Chagueni siku moja na saa moja msiyoibadilisha, hata kama wiki ya tatu utakaa peke yako na viti vitatu. Bandikeni karatasi mlangoni yenye saa kwa maneno na kwa tarakimu, pamoja na namba ya simu ambayo mmoja wenu ataipokea kweli. Mkihama, mwacheni mlinzi na anwani mpya.